Mahame ya Bodie na Kigango cha Machimboni




Katika kikao cha Halmashauri ya Walei cha juma lililopita, ajenda ya nne ilituchukua saa mbili nzima, nasi tukaondoka bila kuafikiana. Ajenda yenyewe wengi wenu mnaifahamu: je, parokia yetu ifungue kigango kule machimboni, mahali ambapo miaka michache iliyopita palikuwa pori tupu, na leo pana maturubai, vibanda vya mabati, makarasha yanayounguruma usiku na mchana, na vijana wasiohesabika? Mzee mmoja wa kanisa, ambaye sote tunamheshimu, alisimama akasema, "Baba Paroko, wale ni watu wa kupita. Dhahabu ikikauka wataondoka wote, nasi tutabaki na kanisa la popo." Mama mmoja wa WAWATA akamjibu kwa upole, "Mzee wangu, na sisi tulio hapa, ni nani asiye wa kupita?" Watu wakacheka kidogo, kisha kikao kizima kikanyamaza.

Tuliahidi kulitafakari jambo hili na kuwaandikia. Hoja ya mzee wetu si hoja ya kubezwa. Ni kweli kwamba miji ya dhahabu hufa, na ipo mingi duniani iliyokwisha kufa. Basi tukaona vema tuitazame kwa makini historia ya mmoja wa miji hiyo, ili tusiamue kwa hofu wala kwa hamasa. Mji wenyewe waitwa Bodie. Uko katika jimbo la California nchini Marekani, mashariki ya milima ya Sierra Nevada, juu sana, zaidi ya mita 2,500 kutoka usawa wa bahari. Ni mahali pa upepo mkali na theluji nyingi, pasipo na miti. Leo hakuna mtu anayepaita nyumbani. Ni mahame.

Mtu aliyeacha jina, na jina likakosewa

Dhahabu ya California ilionekana mwaka 1848, na mwaka uliofuata watu wakaanza kumiminika kutoka pande zote za dunia. Mmoja wao alikuwa W. S. Bodey, mtu wa Poughkeepsie katika jimbo la New York, aliyeiacha familia yake akaenda kuitafuta riziki. Alihangaika miaka kumi. Mwaka 1859, yeye na wenzake wakapata dhahabu katika vilima vile vya upweke. Lakini hakuifaidi. Kabla mwaka haujaisha, yeye na mwenzake aliyeitwa Taylor walikwenda kutafuta mahitaji katika kambi jirani, na wakati wa kurudi wakapatwa na dhoruba ya theluji. Bodey akaishiwa nguvu. Mwenzake akajaribu kumbeba, akashindwa, akamfunika blanketi, akakimbilia kibandani kupata nafuu. Aliporudi kumtafuta hakumwona tena. Mifupa yake ilionekana baadaye, theluji ilipokwisha kuyeyuka.

Mji ukapewa jina lake, ila hata hilo likaandikwa visivyo: Bodey akawa Bodie. Mwaka 1879, mji ulipokuwa umetajirika, wenyeji walimkumbuka mgunduzi wao. Wakaifukua mifupa yake, wakamzika upya kwa heshima kubwa, na ikaamuliwa achongewe nguzo ya ukumbusho ya mawe. Nguzo ikachongwa. Lakini mwezi Septemba mwaka 1881 Rais James Garfield wa Marekani akafariki kutokana na majeraha ya risasi, na watu wa Bodie, kwa huzuni ya taifa zima, wakaigeuza ile nguzo kuwa ukumbusho wa Rais. Nguzo ingali imesimama makaburini hadi leo, na jina lililo juu yake ni la mtu ambaye hakuzikwa hapo. Bodey mwenyewe akabaki bila alama juu ya kaburi lake.

Tuliposoma habari hii hatukuweza kuendelea mara moja. Ilitukumbusha kosa letu wenyewe, nalo tunaliungama hapa mbele yenu. Mwaka juzi vijana wanne walitufuata usiku kutoka machimboni. Duara lilikuwa limetitia, na mwenzao amekufa. Walisema alikuwa Mkatoliki kwa sababu alivaa rozari shingoni. Tukawauliza jina lake la ubatizo. Wakatazamana. Walimjua kwa jina la utani tu, "Dogo", maana ndiye aliyekuwa mdogo kuliko wote katika lile duara. Tulimzika kesho yake, na penye jina tukasema, "mtumishi wako huyu." Miezi mitano baadaye akaja mama mmoja kutoka mkoa wa mbali, amekunja cheti cha ubatizo katika khanga yake, anauliza kama tumewahi kumwona mtoto wake. Sasa jina lake tunalijua, na kila mwezi Novemba tunalitaja altareni. Lakini tulipaswa kulijua alipokuwa hai. Tangu machimbo yaanze, suala la kigango hiki lilikuwa limeletwa kwetu mara mbili, na mara zote mbili sisi wenyewe tuliliahirisha.

Mji uliojengwa kwa ajili ya kuchukua

Turudi Bodie. Kwa miaka mingi baada ya kifo cha Bodey pale palikuwa na wachimbaji wachache tu. Kisha mwaka 1876 kampuni ya Standard ikapata mwamba wenye dhahabu nyingi, na kambi ikageuka mji kwa kasi ya ajabu. Kufikia mwaka 1879 inakadiriwa Bodie ilikuwa na watu kati ya 5,000 na 7,000, na majengo yapatayo 2,000. Barabara kuu ilienea kiasi cha kilometa moja na nusu, na vilabu vya pombe, yasemekana, vilifikia 65. Palikuwa na magazeti, benki, wazima moto na reli ndogo iliyokamilika mwaka 1881 ya kuleta magogo kutoka kilometa zaidi ya 50, kwa sababu vinu vya kuponda mwamba vilikula kuni bila kushiba. Wachimbaji walikuwa na chama chao, na ujira wao ulikuwa dola 4 kwa siku, fedha nzuri kwa wakati ule. Wachina walikuwa na mtaa wao na hekalu lao, wakiuza kuni na mboga na kufua nguo za watu. Mgodi wa Standard peke yake ulitoa dhahabu na fedha yenye thamani ya karibu dola milioni 15 katika miaka 25.

Wala tusidhani kwamba wale walikuwa watu wasio na akili. Mwaka 1892 walianza kujenga mtambo wa umeme wa maji penye kijito kilichokuwa umbali wa kilometa zipatazo 21, wakavuta nyaya hadi kwenye kinu cha mgodi, jambo ambalo wakati ule lilikuwa limefanyika mahali pachache sana duniani. Kitabu cha Ayubu, katika sura yake ya 28, kinawasifu watu wa namna hii: wachimbao giza hadi mwisho wake, wanaoning'inia mbali na watu, wanaoipindua milima toka mizizini. Kisha kitabu hicho kinauliza swali ambalo hakuna mashine iwezayo kulijibu: hekima je, yapatikana katika shimo gani?

Hapa ndipo tunapoona ugonjwa wa Bodie. Karibu kila aliyekwenda kule alikwenda achukue, aondoke. Hapakuwa na aliyekwenda ili azeeke pale. Wenyeji wa asili wa nchi ile, Wapaiute wa Ziwa Mono, wajiitao Kutzadika'a, walikuwa wakiishi kwa mbegu za misonobari na kwa chakula kilichotoka ziwani, na nchi ikawatosha vizazi na vizazi. Walipokuja watafuta dhahabu, ile misonobari iliyokuwa ghala ya chakula chao ikakatwa iwe kuni za vinu na majiko. Wenye nchi wakaishia kuwa vibarua katika nchi yao. Kwa hiyo Bodie ilikula kwanza chakula cha wenyeji, kisha ikajila yenyewe.

Mapema kama mwaka 1880 na 1881, habari zilipofika kwamba kuna utajiri mpya Butte katika Montana, Tombstone katika Arizona, na kwingineko, watu wakaanza kuhama. Hawakufukuzwa na adui wala na njaa. Walisikia neno tu. Miamba ya Bodie ilikuwa bado ina dhahabu, na uchimbaji uliendelea kidogo kidogo kwa miaka mingine 60, lakini mji ulikwisha kuvunjika moyo. Mwaka 1892 moto ukateketeza sehemu kubwa ya maduka. Mwaka 1932 moto mwingine, ambao husemwa ulianzishwa na mtoto mdogo aliyechezea kiberiti, ukala karibu yote yaliyokuwa yamebaki. Mwaka 1942, wakati wa Vita Kuu ya Pili, serikali ya Marekani ikasimamisha uchimbaji wa dhahabu ili nguvu zielekezwe vitani, na mwaka huohuo ofisi ya posta ikafungwa. Mwaka 1962 mji ukafanywa hifadhi ya kihistoria ya jimbo. Leo yamesimama majengo yapatayo 110. Hayakarabatiwi yakawa mapya, ila yanazuiwa yasianguke. Ukichungulia dirishani, waona vitu dukani vingali rafuni, na madawati ya shule yaliyoachwa kama vile watoto wametoka kwa mapumziko. Wenye nyumba waliondoka na kile walichoweza kukibeba tu.

Je, Bodie ililaaniwa?

Wapo wahubiri ambao wangekunja habari hii upesi: mji ulikuwa mwovu, Mungu akauangamiza, mwisho. Hata wakati ule Bodie ilikuwa na sifa mbaya kotekote kwa ulevi, uasherati na mauaji. Nasi tumesikia maneno kama hayo katika kikao chetu, kwamba "kule machimboni pamelaaniwa". Ndugu zangu, sisi hatukubaliani na mahubiri hayo, tena tunaomba yasirudiwe katika jumuiya zetu. Bwana wetu aliwataja watu kumi na wanane walioangukiwa na mnara huko Siloamu, naye akakataa katakata kusema kwamba hao walikuwa wakosefu kuliko wengine wa Yerusalemu (Lk 13:4-5). Akawageuzia wasikilizaji lile swali: na ninyi je? Bodie haikufa kwa kuwa dhambi zake zilizidi zile za San Francisco, mji uliopokea dhahabu yake na ambao upo hadi leo. Ilikufa kwa sababu watu wake hawakufungamana kwa jambo lolote isipokuwa mwamba, na mwamba ulipopungua fundo likafunguka.

Tena kulikuwa na wema Bodie. Chama cha wachimbaji kiliwasaidia wagonjwa na kuwazika waliofariki. Watoto walisoma shule. Wanawake walilea familia katika baridi ambayo sisi hatuwezi hata kuiwazia. Anayeiona kambi ya dhahabu kama shimo la dhambi tu hajawahi kukaa humo.

Na Kanisa lilikuwa wapi? Hili ndilo lililotuchoma zaidi. Miaka yote ya neema ya Bodie, tangu 1876, mji wa maelfu ya watu haukuwa na nyumba ya ibada ya Kikristo hata moja. Ibada zilifanyika majumbani mwa watu na katika ukumbi wa chama cha wachimbaji. Hatimaye yakajengwa makanisa mawili, la Wamethodisti na la Kikatoliki, hili la pili chini ya uangalizi wa Padre John Cassin. Yalijengwa mwaka gani? Mwaka 1882, wakati watu walikuwa wamekwisha kuanza kuondoka. Vilabu 65 vilifika mapema, vikawapokea vijana siku ile ile waliposhuka garini. Altare ilifika wakati wa kuagana.

Hatusemi haya ili kuwalaumu mapadre wa zamani waliozunguka nchi kubwa juu ya farasi. Twasema ili tujitazame. Kule machimboni kwetu tayari kuna vilabu, kuna nyumba za video, kuna wakopeshaji, kuna waganga wa kienyeji wanaouza dawa ya kuvuta dhahabu. Wote hao hawakungoja kujua kama mwamba utadumu. Ni sisi tu tunaongoja.

Uzio wa makaburini

Liko jambo jingine. Makaburi ya Bodie yana uzio. Ndani ya uzio walizikwa walioitwa watu wa heshima. Wengine walizikwa nje, wakiwamo wanawake waliokuwa wakiuza miili yao. Inasimuliwa habari ya mwanamke mmoja, Lottie Johl, aliyewahi kuishi maisha hayo, kisha akaolewa kwa ndoa halali na mwuza nyama wa mji, Eli Johl. Aliishi kwa unyofu, akajifunza kuchora picha, lakini wanawake wa mji hawakumpokea kamwe. Alipofariki mwaka 1899, baada ya kupewa kwa makosa dawa iliyokuwa sumu, mumewe ilimbidi abishane na wakubwa wa mji ili azikwe ndani. Wakamruhusu hatimaye, ila pembezoni kabisa, karibu na uzio.

Tuwaulize wale wanaosema machimboni hapafai kujengwa kanisa kwa sababu ya "wanawake wa kule": uzio wetu sisi tumeuweka wapi? Waraka kwa Waebrania watukumbusha kwamba Yesu mwenyewe aliteswa nje ya lango, na unatualika tumtokee huko huko nje (Ebr 13:12-13). Wengi wa wanawake wa machimboni ni mama lishe, wauza maji, wasagaji na waoshaji wa mchanga, mikono yao ikiwa ndani ya zebaki pasipo mtu wa kuwaonya hatari yake. Na hata yule aliyeanguka kweli, tumekwisha kumwuliza anaitwa nani?

Amri zilizoibiwa

Tulitaja kwamba Bodie ilikuwa na makanisa mawili. Lile la Kikatoliki liliteketea kwa moto. La Wamethodisti lingali limesimama, na ibada ya mwisho ilifanyika humo mwaka 1932. Ukutani, nyuma ya mimbari, palitundikwa kitambaa kikubwa kilichoandikwa Amri Kumi za Mungu. Mji ulipobaki ukiwa, mtu asiyejulikana aliingia akakiiba. Akazichukua amri zote, pamoja na ile isemayo usiibe.

Lakini sikilizeni na upande wa pili. Watalii wanaotembelea mahame yale wamekatazwa kuchukua chochote, hata msumari wenye kutu. Wapo wanaochukua. Na kwa miaka mingi sasa ofisi ya hifadhi hupokea vifurushi vya posta: kipande cha kioo, chupa, msumari, kiatu, vikiwa na barua za kuomba radhi. Wanaoandika husema kwamba tangu wakichukue kile kitu mambo yao yameharibika, kwa maana imeenea hadithi kwamba anayeiba Bodie hupatwa na laana. Baadhi ya barua hizo huonyeshwa katika jumba la makumbusho pale pale. Wapo wanaosema walinzi wenyewe ndio walioikuza hadithi ile ili kuwatisha wezi.

Sisi hatuamini laana ya msumari. Tunaamini dhamiri. Mtu anapochukua kisicho chake, moyo wake hukosa pa kukaa, naye huita laana kile ambacho kwa kweli ni sauti ya Mungu ikimwita arudi. Na Kanisa daima limefundisha kwamba kutubu wizi hakutoshi mpaka kilichoibiwa kirudishwe. Zakayo hakulia tu mbele ya Bwana, bali alirudisha mara nne (Lk 19:8). Laiti wale waliokata misonobari ya Wapaiute wangalituma nao kifurushi! Jambo hili latuhusu moja kwa moja, kwa sababu wapo kati yetu, waamini wa parokia hii, wenye maduara kule, wanaowalipa vijana kwa viroba vya mawe bila kuwaambia thamani yake, na wapo wanunuzi wenye mizani isiyo ya haki. Hao hukaa viti vya mbele siku ya Jumapili. Kabla hawajatuletea mchango wa kujenga kigango, tunawasihi warudishe kwanza. Kanisa halihitaji dhahabu iliyo na jasho la mtu asiyelipwa.

Jibu letu kwa mzee wetu

Sasa turudi kwenye hoja ya kanisa la popo. Mzee wetu ana haki ya kuogopa, kwa maana fedha za parokia zatoka kwa wakulima wa mahindi na pamba, na paa la kanisa letu hapa bado lavuja. Tena hatujui machimbo yatadumu miaka miwili au ishirini. Historia ya nchi yetu yenyewe yatufundisha pande zote mbili. Geita ilichimbwa tangu mwaka 1936 hadi 1966, mgodi ukafungwa, watu wakadhani yamekwisha, kisha mwaka 2000 mgodi mkubwa ukafunguliwa upya na mji ukakua kuliko mwanzo. Hakuna padre wala mtaalamu wa miamba awezaye kuapa juu ya kesho.

Kwa hiyo tunakubaliana naye katika jambo moja: tusijenge kwa mawe. Tusiweke huko mnara wala sakafu ya marumaru. Banda la miti na mabati latosha, la kuweza kubomolewa na kuhamishwa pindi watu wakihama. Sanduku la Agano lilikaa hemani miaka mingi kabla Sulemani hajajenga hekalu, na Mungu hakuona aibu.

Lakini katika jambo la pili hatukubaliani naye. Anadhani kwamba watu wakiondoka kazi yetu itakuwa imepotea. Tufikirie lile kanisa la Kikatoliki la Bodie. Jengo ni majivu. Waamini wake walitawanyika kila upande, na leo wote wamelala. Je, Misa zilizoadhimishwa humo zimepotea? Mtoto aliyebatizwa humo, kisha akabebwa na wazazi wake kwenda machimbo mengine, je, alikoma kuwa mwana wa Mungu siku paa lilipoungua? Muhuri wa ubatizo haufutiki kwa moto wala kwa theluji. Dhamana ya Kanisa ni watu, na watu hao hata wakienda wanakwenda na kile tulichowapa, au wanakwenda mikono mitupu kwa sababu hatukuwapa kitu. Mama wa WAWATA alisema kweli: sote tu wa kupita, wala hapa hatuna mji udumuo.

Kwa hiyo, baada ya kusali na kutafakari, haya ndiyo tutakayoyapeleka katika kikao kijacho. Kwanza, kigango kifunguliwe sasa, kabla ya masika, kikiwa na banda la kuhamishika. Pili, apatikane katekista atakayekaa kule kule, naye ahakikishiwe posho yake na parokia nzima, si na wachimbaji peke yao. Tatu, sisi wenyewe tutakwenda kusoma Misa na kuungamisha kila Jumapili ya pili na ya nne ya mwezi, saa kumi jioni, muda ambao vijana hutoka mashimoni. Nne, liwekwe daftari. Humo kila kijana anayekubali aandikwe jina lake kamili, jina la ubatizo kama analo, dini yake kama si Mkatoliki, kijiji chake, na jina la mtu wa kupelekewa habari. Daftari hilo halitakuwa la kodi wala la zaka. Ni la kuwajua watu kwa majina yao.

Nanyi wazazi ambao watoto wenu wamekwenda kwenye dhahabu, ziwe za kwetu hapa au za mbali, tunawaomba mlete majina yao ofisini juma hili. Tutawaandikia maparoko wa huko waliko. Kila jumuiya ndogo ndogo ifanye hivyo hivyo, isimwache hata mmoja kwa kisingizio kwamba aliondoka kwa hasira au aliiba ng'ombe wa baba yake ili apate nauli.

Mzee wetu mpendwa, tunakuomba uwe mwenyekiti wa kamati ya ujenzi wa banda hilo. Hatusemi hivi kwa kukuchezea. Anayeogopa hasara ndiye atakayetunza misumari, na siku watu watakapohama, wewe ndiwe utakayesimamia kung'oa mabati na kuyapeleka watakakokwenda. Na kama siku hiyo sisi tutakuwa tumekwisha kulala makaburini, basi waje wengine wayang'oe.

Tumwombe Mungu, aliyemwita kila mmoja wetu kwa jina lake, awakumbuke wote waliokufa mashimoni, wa Bodie na wa kwetu, ambao majina yao yamekosewa, au yamesahauliwa, au hayakuulizwa kabisa. Raha ya milele uwape ee Bwana, na mwanga wa milele uwaangazie.

Juma jema, na baraka ya Mungu Mwenyezi iwashukie.

Paroko wenu